Kutoka Chakubanga Hadi Kipanya: Nani Anaitunza Historia ya Vibonzo Vyetu?

Mwezi Aprili mwaka 2024, nakala moja ya kijitabu cha Kimarekani kiitwacho Action Comics, toleo la kwanza la mwaka 1938, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Kilipotoka, kijitabu hicho kiliuzwa senti 10, na wanunuzi wake wengi walikuwa watoto waliokisoma, wakakikunja mfukoni na kukitupa. Ndani yake ndimo alimoonekana kwa mara ya kwanza mhusika aitwaye Superman. Sikitaji kisa hiki kwa kutamani fedha za watu. Nakitaja kwa jambo moja tu: miaka zaidi ya 80 baadaye, nakala hiyo ilikuwapo. Mtu fulani aliiweka mahali pakavu, mwingine akairithi, wa tatu akaipa thamani.

Sasa jiulize, msomaji wangu: ukilitaka leo toleo la kwanza la jarida la Sani, utabisha hodi wapi?

Swali hili si la mzaha, ingawa linahusu mambo ya kuchekesha. Hoja yangu ni kwamba vibonzo vyetu ni sehemu ya fasihi na historia ya Watanzania, na kwamba tunavipoteza kwa sababu tuliamua zamani, bila hata kuliweka jambo hili mezani, kuwa kinachochekesha hakistahili kutunzwa. Uamuzi huo una gharama, na wanaoilipa ni wengi kuliko wachoraji peke yao.

Tuanze na nasaba yenyewe. Wapo wanaodhani kwamba hadithi za picha zililetwa nchini na televisheni au na utandawazi wa juzi. Sivyo. Jarida la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa tayari likichapisha hadithi za picha katika miaka ya 1950. Hata matangazo ya majarini ya Blue Band yalipita katika njia hiyo hiyo, kwa michoro iliyopangwa mmoja baada ya mwingine na kusimulia kisa. Nchini Kenya, Edward Gicheri Gitau alimbuni Juha Kalulu, mhusika aliyeishi magazetini kwa miongo mingi na kujulikana zaidi katika Taifa Leo. Jina hilo lina ladha yake. Juha ni mjinga wa hadithi za pwani na za Waarabu, na kalulu ni sungura mjanja katika baadhi ya lugha za Kibantu za bara. Mjinga na mjanja wakatiwa katika mwili mmoja, na msomaji akaachiwa aamue anacheka na yupi.

Baada ya uhuru akaja Chakubanga. Huyu alibuniwa na Christian Gregory, akawa akitokea katika gazeti la Uhuru, lililokuwa la chama cha TANU. Hapa pana jambo la kutafakari. Gazeti la chama, lenye kazi ya kueneza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, liliona haja ya kumpa nafasi mtu wa kuchekesha. Mhusika huyo alizama katika lugha yetu kiasi kwamba kwa kizazi kizima neno chakubanga likawa linamaanisha kibonzo chochote, au mtu yeyote mwenye vituko. Ni waandishi wangapi wa riwaya ambao wahusika wao wamegeuka kuwa nomino za kawaida? Mimi nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vingine vinabaki.

Kisha likaja jarida la Sani, la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Jina lenyewe ni muungano wa silabi za mwanzo za majina yao, Sa na Ni. Lilikuwa jarida la watu binafsi katika nchi ambayo karibu kila chombo kikubwa cha habari kilikuwa cha serikali au cha chama. Kabla yake Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, alikuwa amekwisha kulianzisha jarida la Film Tanzania lililosimulia hadithi kwa picha za kamera. Sani likaifanya kazi hiyo kwa kalamu na wino. Humo ndimo tulimowakuta Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Dokta Love Pimbi na Komredi Kipepe. Sihitaji kuwaeleza walikuwa watu wa namna gani, kwa maana majina yenyewe yanatosha. Ndumilakuwili ni nyoka anayesemwa kuwa na vichwa viwili, na hakuna mtaa usio na mtu wa aina hiyo.

Komredi Kipepe alibuniwa na Philip Ndunguru, mchoraji aliyefariki dunia katikati ya miaka ya 1980 akiwa bado kijana. Watafiti wameona katika kazi yake athari za Asterix, hadithi ya picha ya Wafaransa René Goscinny na Albert Uderzo iliyoanza mwaka 1959. Sioni aibu katika athari hiyo. Fasihi zote hukopa. La kuangalia ni alichokifanya mkopaji baada ya kukopa. Ndunguru alimpa mhusika wake cheo cha komredi, neno zito la siasa za wakati ule, lililotumika majukwaani kwa heshima kubwa. Kulitundika neno hilo shingoni mwa mtu wa vituko kulikuwa ni kusema jambo ambalo mhariri wa gazeti la serikali asingelisema.

Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992 na magazeti binafsi yakafumuka, wachora vibonzo walikuwa tayari wana shule yao. Ally Masoud akatuletea Kipanya, yule panya mdogo asiyekosekana pembeni ya mambo makubwa. James Gayo akatupa Kingo, Nathan Mpangala akatupa Kijasti. Godfrey Mwampembwa, maarufu kwa jina la Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, alihamia Nairobi mwaka 1992 na kuwa mmoja wa wachora vibonzo wanaojulikana zaidi barani Afrika. Mwezi Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilizuiwa kusambazwa Tanzania. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba halikusajiliwa nchini, lakini wengi walilihusisha zuio hilo na kibonzo cha Gado kuhusu Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete. Mwaka uliofuata Gado akaachana na kampuni yake ya Nairobi baada ya mkataba kutohuishwa. Mchoro mmoja ukizungumzwa mpaka Ikulu, mtu hawezi tena kusema kwamba vibonzo ni mambo ya watoto.

Niseme sasa kuhusu kwetu Maramba, kwa sababu nadharia bila mahali ni maneno matupu.

Mkoa wa Tanga una haki ya pekee ya kulisemea jambo hili. Magazeti ya Kiswahili ya mwanzo kabisa upande wa bara yana asili yake hapa. Habari za Mwezi lilitolewa na wamisionari wa Kianglikana huko Magila, Muheza, mwishoni mwa karne ya 19, na Kiongozi likatoka katika shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga mwanzoni mwa karne ya 20. Shaaban Robert ni mtoto wa mkoa huu. Na huku kwetu, chini ya Usambara Mashariki, mkonge ulikusanya watu kutoka kila upande: Wadigo, Wasambaa na Wasegeju wenye nchi, pamoja na manamba waliotoka Kusini, Magharibi na Nyanda za Juu. Watu hao hawakuwa na lugha nyingine ya kutaniana isipokuwa Kiswahili.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka iliyofuata wazee wengi wa huku walijifunza kusoma wakiwa na wajukuu. Lakini mtu aliyejua kusoma jana anahitaji kitu cha kusoma leo, na vitabu vya kilimo bora cha pamba havikuwa kitu cha kumkesheza mtu. Nakumbuka nakala ya Sani ikifika hapa, mara nyingi mkononi mwa kijana aliyetoka Dar es Salaam au Tanga mjini, au wa kambi ya JKT. Haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilizunguka barazani kwenye kahawa, mmoja akisoma kwa sauti, wengine wakiinama kuangalia picha, na yule mzee wa kisomo akifuata maneno kwa kidole huku midomo ikitembea taratibu. Picha ilimsaidia kulibahatisha neno, na neno lilimsaidia kuielewa picha. Ningependa kumsikia mtaalamu wa ufundishaji akiniambia kuwa huo haukuwa ufundishaji.

Na mwisho wa nakala ile ulikuwa upi? Baada ya kupita mikono 20 au 30, kurasa zake zilichanwa na kufanywa vifungashio vya karanga na vitumbua kule guliani. Siwalaumu wauzaji. Karatasi ilikuwa adimu, sawa na sabuni na sukari, na mwenye karanga alihitaji kuuza. Ninawalaumu wale ambao kutunza ndiyo kazi waliyoajiriwa kuifanya. Sheria ya mwaka 1975 iliyoiunda Bodi ya Huduma za Maktaba iliweka utaratibu wa wachapishaji kuwasilisha nakala za machapisho yao ili zihifadhiwe. Utaratibu upo kwenye karatasi. Utashi wa kuufuatilia kwa ajili ya jarida la vichekesho ni jambo jingine.

Matokeo yake nimeyaona kazini. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, binti makini, alitaka kuandika tasnifu juu ya usawiri wa maisha ya mjini katika majarida ya vibonzo ya miaka ya 1980. Alizunguka kutoka ofisi moja hadi nyingine akitafuta matoleo. Katika chumba kimoja cha kumbukumbu alijibiwa kwamba majarida ya aina hiyo yaliondolewa ili kupisha nafasi. Katika kikao cha kujadili pendekezo lake, mjumbe mmoja alimuuliza kama hakuna vitabu vya kweli vya kutafiti. Alibadili mada. Akaandika kuhusu riwaya ambayo tasnifu nyingi zimekwisha kuandikwa juu yake, akapata alama nzuri, na maarifa yetu hayakuongezeka hata kwa punje.

Wakati huohuo, utafiti mzito kuhusu vibonzo vyetu umefanywa na Wajerumani. Jigal Beez ameandika juu ya Komredi Kipepe na juu ya vibonzo vya mwanzo vya Kiswahili. Uta Reuster-Jahn ameandika juu ya majarida binafsi ya burudani ya enzi za Ujamaa. Ninawashukuru kwa dhati, kwani bila wao tungebaki na kumbukumbu za vijiweni tu. Lakini ni hali gani hii, ambamo Mtanzania anayetaka kujua alichochekea baba yake analazimika kusoma makala za Kiingereza zilizoandikwa na Wajerumani?

Zipo hoja za kupinga, na zinastahili majibu ya heshima.

Ya kwanza inasema kwamba majarida hayo yalikuwa ya utovu wa adabu, na hasa kwamba yaliwadhalilisha wanawake. Kwa sehemu kubwa hoja hii ni ya kweli. Wanawake wengi katika kurasa zile walichorwa kama chambo, miili mikubwa iliyopita mbele ya wanaume waliotoa macho. Asiyeliona hilo hajayasoma. Lakini kutunza si kusifu. Tunazitunza sheria za kikoloni za kodi ya kichwa, nasi hatumsifu aliyezitunga. Binti yangu akitaka kujua dharau anayokutana nayo mtaani ililelewa wapi, nitamwonyesha nini ikiwa ushahidi uliliwa na mchwa? Jamii isiyotunza maovu yake huishia kuyarudia ikidhani inayabuni.

Ya pili inasema kwamba hii si fasihi. Kwa kipimo gani? Ina wahusika, ina msuko, ina mandhari, ina lugha. Tena lugha yake ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa kwenye foleni ya duka la ushirika na ndani ya mabasi ya UDA, na mengi yake hayamo katika kamusi za miaka ile. Mwanaisimu anayetaka kujua misimu ya mitaani ilivyozaliwa na kufa hana chanzo bora. Hali kadhalika mwanahistoria. Mwaka 1983 ilipoanza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, magazeti yalituambia serikali ilisema nini. Ukitaka kujua raia alinong'ona nini alipokuwa akipika ule unga wa njano tuliouita unga wa Yanga, hotuba hazitakusaidia. Mahali pa kutafuta mnong'ono ni pale ambapo watu waliruhusiwa kucheka.

Ya tatu, na ndiyo inayonigusa zaidi, inasema kuwa nchi yenye zahanati zisizo na dawa haina fedha za kuhifadhi vichekesho. Jibu langu ni kwamba jambo hili halihitaji jengo. Ufaransa ina mji wa Angoulême wenye tamasha la hadithi za picha tangu mwaka 1974 na jumba la makumbusho la sanaa hiyo. Japani ina makumbusho kama hayo mjini Kyoto tangu mwaka 2006. Sisi tunaweza kuanza na mashine moja ya kunakilia picha, kompyuta moja, na mtu mmoja mwenye mapenzi. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua tu.

Lipo pia suala la haki, na hapa nirudi kwenye kisa cha Superman, kwa sababu kina nusu ya pili ambayo wanaoshangilia mamilioni ya mnada huwa hawaisimulii. Waliombuni, Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, waliuza haki zote za mhusika wao kwa dola 130. Kampuni ilitajirika. Wao walizeeka katika dhiki. Mwaka 1975, filamu kubwa ya Superman ilipokuwa ikiandaliwa, kelele za umma zililazimisha kampuni iwape pensheni ya dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kuyarudisha majina yao juu ya kazi yao. Angalia vizuri: hawakusaidiwa na mkataba, maana mkataba ulikuwa dhidi yao. Walisaidiwa na wasomaji waliojua majina yao.

Hilo ndilo somo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoweka ulinzi wa kazi ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ni sheria nzuri. Lakini sheria hiyo itamlinda vipi mchoraji ambaye hakuna anayejua kwamba yeye ndiye aliyechora? Waulize vijana leo. Wengi wamewahi kusikia jina la Madenge, na huwaita hivyo watoto watundu. Waulize ni nani aliyemchora, uone watakavyotazamana. Sura inapita kutoka simu hadi simu, saini ya pembeni imekatwa, na familia ya mchoraji haina hata pa kuanzia kudai.

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili wa kigeni.

Kwanza, idara za Kiswahili, fasihi na historia katika vyuo vyetu vikuu zianze kukusanya na kunakili. Wachoraji wengi wa kizazi cha miaka ya 1980 na 1990 wangali hai, na baadhi yao wana maboksi ya michoro asilia majumbani. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili akimhoji mchoraji mmoja kila mwaka, baada ya miaka kumi tutakuwa na historia iliyosimuliwa na wenyewe. Tukingoja, tutahoji makaburi.

Pili, kila anayechapisha au kusambaza kibonzo, gazetini au mtandaoni, ataje jina la aliyekichora. Ni desturi ya heshima tu, haigharimu hata shilingi, na katika kisa cha Siegel na Shuster ndiyo iliyofanya kazi ambayo mahakama hazikuifanya.

Tatu, mwalimu wa fasihi wa sekondari aingize darasani ukurasa mmoja wa kibonzo kwa muhula. Simwambii amwondoe Shaaban Robert. Namwambia amwonyeshe mwanafunzi kwamba kejeli anayoisoma katika tenzi na ile anayoiona kwa Kipanya ni dada na kaka. Atashangaa jinsi wanafunzi walioitwa wazito wanavyofunguka.

Kwa wasomaji wangu wa Maramba, Daluni, Muheza na kwingineko, nina ombi dogo. Katika nyumba nyingi kuna sanduku la bati chini ya kitanda cha mzee. Ndani yake mna vyeti, picha za harusi, risiti za kodi, na pengine, chini kabisa, jarida lililofifia lenye mtu wa vituko jaladani. Usilitupe, wala usiwashie moto. Lipige picha kila ukurasa, andika lilipatikana wapi na lilikuwa la nani, kisha umuulize mzee mwenyewe alilicheka lini na kwa nini. Majibu yake yaandike, kwa maana hayapo katika kitabu chochote.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Siku zote tumeutafsiri msemo huo kwa ngoma, jando na mavazi. Mimi naongeza vicheko. Taifa linalokumbuka hotuba zake peke yake linajua lilichoambiwa, wala halijui lilijibu nini. Majibu mengi ya wazazi wetu yalichorwa kwa wino wa bei nafuu, kwenye karatasi dhaifu, nayo yanaoza hivi tunavyoongea.

Naomba kuwasilisha.